Malorie Blackman: barua 82 za "hapana", kisha akaigeuza dunia

Kuna msichana kwenye riwaya moja ya Kiingereza ameumia usoni, wakambandika plasta. Plasta yenyewe ni ya kahawia iliyokoza, na msichana ni mweupe, kwa hiyo inaonekana toka mbali. Mwanafunzi mwenzake, ambaye ni mweusi, anaitazama na kwa mara ya kwanza maishani mwake anagundua kwamba plasta zote alizowahi kuziona zilikuwa za rangi hiyo. Hakuwahi kuwaza jambo hilo. Kwa nini aliwaze? Siku zote zilikuwa za rangi ya ngozi yake.

Kitabu ni Noughts & Crosses, kilitoka mwaka 2001. Ukiwa umesoma sekondari hapa Uingereza, kuna uwezekano mkubwa ulikutana nacho darasani, au ulikiona kimechakaa kwenye rafu ya maktaba ya shule. Miaka 19 baada ya kitabu hicho kutoka, Februari 2020, Tesco walianza kuuza plasta za rangi tatu tofauti za ngozi, wakasema wao ndio supamaketi ya kwanza Uingereza kufanya hivyo. Miaka 19, jamani, kwa plasta!

Aliyeliona jambo hilo mapema hivyo ni Malorie Blackman. Wiki hii tunaye yeye: mwandishi wa watoto na vijana mwenye vitabu zaidi ya 60, na tuzo ambazo tukizitaja zote tutalala hapa. Lakini tuzo si sababu yetu kubwa. Tumemchagua kwa sababu ya mpangilio wa kazi yake, yaani alianza na nini, akafuatisha nini. Naamini hapo ndipo kuna somo kwa sisi tuliozaliwa au kukulia huku, ambao kila mara tunaulizwa tuhadithie habari moja tu: unatoka wapi.

Mtoto wa dereva wa basi

Malorie alizaliwa London mwaka 1962. Baba na mama yake walitoka Barbados. Walikuwa wa kile kinachoitwa kizazi cha Windrush, jina lililotokana na meli ya Empire Windrush iliyotia nanga Tilbury mwezi Juni 1948 ikiwa na mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi. Baba alikuwa dereva wa basi. Mama alifanya kazi kiwandani, akishona nguo za kulalia. Nyumba nyingi tulizokulia sisi zinaijua hadithi hii hata kama kisiwa chao kilikuwa Unguja na si Barbados: wazazi wanaondoka alfajiri, wanarudi wamechoka, na mtoto anaambiwa asome kwa bidii.

Na kusoma alisoma. Hela ya kununua vitabu haikuwepo, kwa hiyo maktaba ya mtaa ikawa kama nyumba yake ya pili. Alikula hadithi za majini, wachawi na sayari za mbali. Kitu kimoja tu hakukipata kwenye rafu zile, nacho ni mtoto mweusi anayefanya mambo hayo. Mtoto kama yeye hakuwa akipita mlango wa kichawi wala kupanda chombo cha anga. Hakuwa hata yule rafiki wa pembeni anayekufa katikati ya hadithi.

Alipokuwa na miaka 13, baba yake aliondoka nyumbani. Familia ikapoteza nyumba, wakaishi kwa muda kwenye makazi ya watu wasio na pa kukaa. Binti akaendelea na shule. Ndoto yake ilikuwa moja: awe mwalimu wa Kiingereza. Alipokwenda kwa mwalimu aliyekuwa akishauri wanafunzi kuhusu kazi na vyuo, yule mwalimu alimwambia kwamba watu weusi hawawi walimu, na akakataa kumpa barua ya kumpendekeza chuoni.

Somo la historia nalo lilimwacha na swali. Kwa nini hatusomi kuhusu wavumbuzi na wanasayansi weusi? Jibu alilopewa ni kwamba hawakuwepo. Lishike jibu hilo, tutalirudia baadaye.

Barua 82

Basi akaingia kwenye kompyuta. Alisoma Thames Polytechnic, akawa mtaalamu wa programu na kanzidata, akafika hadi kufanya kazi Reuters, lile shirika kubwa la habari. Mshahara ulikuwa mzuri na safari zilikuwepo. Kwa macho ya mzazi aliyevuka bahari, huyu alikuwa ameshafika.

Ila kulikuwa na kitu kingine. Malorie ana ugonjwa wa selimundu, ambao nyumbani wengi wanauita sikoseli. Ni ule wa kurithi, ambao seli nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Tanzania ni kati ya nchi duniani ambazo watoto wengi huzaliwa nao, kwa hiyo wapo wasomaji wetu wanaoujua kutoka ndani ya familia zao. Alipokuwa kijana wa miaka 18 hivi, aliambiwa na daktari kwamba hatafika miaka 30.

Mtu akikuambia hivyo, unaanza kuhesabu. Unajiuliza kama kweli unataka kuimaliza miaka iliyobaki ukirekebisha kanzidata za watu wengine. Alipokuwa ameshakuwa mtu mzima, wa miaka ya ishirini na kitu, alisoma The Color Purple ya Alice Walker. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma riwaya iliyoandikwa na mtu mweusi kuhusu watu weusi. Fikiria msichana aliyekuwa akishinda maktaba miaka yote hiyo, halafu hiki ndicho cha kwanza. Ndipo akaanza kuandika kwa dhati. Akajiunga na madarasa ya jioni ya uandishi, akawa anatuma kazi zake kwa wachapishaji.

Zikaanza kurudi barua. Hapana. Hapana. Asante, lakini hapana. Zilifika 82 kabla hajapata mchapishaji hata mmoja. Ukipokea moja kila wiki, hiyo ni zaidi ya mwaka mzima na nusu wa kukataliwa bila wiki ya kupumzika. Kitabu chake cha kwanza, Not So Stupid!, mkusanyo wa hadithi fupi za kutisha na za kisayansi, kilitoka mwaka 1990. Alikuwa na miaka 28.

Kwanza, mtoto awe mtoto

Sasa hapa ndipo pananipendeza zaidi. Umekataliwa mara 82. Umeambiwa watu weusi hawawi walimu. Hatimaye mlango umefunguka, na kila mtu anategemea utaandika kuhusu ubaguzi wa rangi. Yeye hakuandika. Kwa takriban miaka kumi na vitabu karibu hamsini aliandika habari nyingine kabisa.

Mfano mzuri ni Hacker ya mwaka 1992. Msichana aitwaye Vicky anatuhumiwa kuibia kwenye mtihani wa hesabu, na wakati huohuo baba yake anakamatwa kwa tuhuma za kuiba pesa nyingi kutoka benki anayofanyia kazi. Vicky anaamua kuingia mwenyewe kwenye kompyuta za benki amtafute mwizi halisi. Mwaka 1992 nyumba nyingi hazikuwa na kompyuta, na ya intaneti ndiyo usiseme. Hapo kile chuo cha kompyuta na ile kazi ya Reuters vikazaa matunda: alikuwa akiandika kitu anachokijua kwa mikono yake.

Halafu kuna Pig-Heart Boy ya mwaka 1997. Najua kuna nyumba ambazo jina hilo peke yake lingeitisha kikao cha familia. Cameron ana miaka 13, moyo wake unakufa, na daktari anajitolea kumpandikizia moyo wa nguruwe. Akubali au akatae? Marafiki watamwangaliaje? Magazeti yakijua je? Wakati kitabu kinatoka, hiyo ilikuwa hadithi ya kubuni. Januari 2022, madaktari wa Maryland, Marekani, walifanikiwa kumpandikizia binadamu moyo wa nguruwe kwa mara ya kwanza. Kitabu kilitangulia kwa miaka 25. BBC walikuwa wameshakitengenezea tamthilia ya televisheni, nayo ikashinda tuzo ya BAFTA.

Watoto hawa ni weusi, ila hadithi si ya weusi wao. Wanaogopa, wanadanganya, wanagombana na wazazi, wanaokoa watu. Wapo waliomuuliza Blackman kwa nini haandiki kuhusu ubaguzi. Lakini fikiria: mtoto wa Kizungu kwenye vitabu anaruhusiwa kufuga joka bila kueleza rangi yake. Blackman aliona mtoto mweusi naye anastahili likizo hiyo. Kwanza awe mtoto. Hayo mengine yatamkuta tu.

Usidhani ni jambo dogo. Shirika la CLPE, linaloshughulika na usomaji shuleni, lilihesabu vitabu vya watoto vilivyochapishwa Uingereza mwaka 2017. Vyenye mhusika yeyote asiye mweupe vilikuwa asilimia 4. Ambavyo mhusika huyo ndiye mkuu vilikuwa asilimia 1. Na hii ni miaka 27 baada ya Blackman kuanza.

Kichwa chini, miguu juu

Alipoamua kuandika kuhusu ubaguzi, aliuandika kwa masharti yake. Kilichomsukuma ni pamoja na kesi ya Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18 aliyeuawa na wabaguzi kusini-mashariki mwa London mwezi Aprili 1993, na jinsi polisi walivyoboronga uchunguzi wake.

Angeweza kuandika riwaya ya kijana mweusi anayeonewa. Badala yake aliipindua dunia nzima. Katika Noughts & Crosses weusi, kina Cross, ndio wenye serikali, benki, magari mazuri na shule nzuri. Weupe, kina Nought, wametoka utumwani si zamani sana, na ndio kwanza wachache wao wanaruhusiwa kuingia shule za kina Cross. Sephy ni Cross, binti wa mwanasiasa mkubwa. Callum ni Nought, na mama yake alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa kina Sephy. Wamekua pamoja kama mtu na nduguye. Sasa wanaanza kupendana, na dunia yao haitaki.

Ndani ya dunia hiyo Blackman alimwaga mambo yaliyomkuta mwenyewe. Aliwahi kupanda treni daraja la kwanza akiwa na tiketi halali, mkaguzi akamtuhumu ameiiba. Kitabuni Callum amekaa daraja la kwanza na Sephy, na anayehojiwa ni yeye Callum. Na lile jibu la mwalimu wa historia, kwamba wavumbuzi weusi hawakuwepo? Kitabuni kuna somo la historia ambapo Callum anakaa akisikiliza orodha ya mashujaa ambao hakuna hata mmoja wa kwao. Kuna Matthew Henson, aliyekuwa kwenye msafara wa Ncha ya Kaskazini mwaka 1909. Kuna Daniel Hale Williams, aliyefanya upasuaji wa moyo mwaka 1893. Kuna Garrett Morgan, aliyepata hataza ya kifaa cha kuongozea magari barabarani mwaka 1923. Msomaji anaweza kudhani ni majina ya kubuni, ya dunia ile iliyopinduliwa. Wote ni watu halisi, Wamarekani weusi. Walikuwepo. Alichofanya mwandishi ni kuwaweka kwenye kitabu cha historia ambacho yeye hakupewa.

Hata jina lina kazi yake. Ni ule mchezo wa karatasi wa kuchora maduara na misalaba. Wachezaji wawili wakiujua vizuri, hakuna anayeshinda.

Na sisi je?

Mara nyingi kitabu hiki kinazungumzwa kama zawadi kwa msomaji mweupe, kwamba sasa na wewe onja kidogo. Ni kweli. Ila tukikisoma sisi, hebu tusijifiche nyuma ya Callum.

Kuna tukio mwanzoni ambapo umati umejazana mbele ya shule kuwazuia wanafunzi wa Nought wasiingie. Sephy anataka kumtetea Callum. Anawapigia kelele wenzake waache, na katika hasira zake linamtoka lile tusi ambalo kina Cross huwaitia kina Nought. Hakukusudia. Alilisikia nyumbani na mtaani maisha yake yote, likawa neno la kawaida kinywani mwake. Callum amelisikia, na huwezi kulirudisha mdomoni.

Nikisoma hapo nawaza likizo za nyumbani, Mombasa, Dar, Unguja. Tunafika tukiwa wageni wa heshima, na jikoni yupo dada wa kazi, pengine wa umri wetu au mdogo kwetu. Anaamka kabla yetu, analala baada yetu. Tunamwita dada, tunacheka naye, na hatujui alikoishia kusoma. Au nawaza nyumba za Muscat na Dubai, ambako wapo wasichana kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanaolea watoto wa watu wakati wao wenyewe wamewaacha watoto kwa bibi. Baadhi ya wasomaji wetu wamekulia kwenye nyumba hizo. Wengine ni watoto waliobaki kwa bibi. Na ni nani kati yetu hajawahi kusikia, kwenye harusi au msibani, mtu mzima akieleza fulani hafai kwa sababu ya "asili" yake, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akiongeza pilau?

Mtu anaweza kuwa Callum akiwa London na Sephy akiwa kwao. Nguvu ya kitabu hiki iko hapo: hakisemi weusi ni wema na weupe ni wabaya, wala kinyume chake. Kinasema ukishapewa dunia iliyotengenezwa kwa kipimo chako, plasta hutaiona.

Tuzo, na matusi

Baada ya hapo milango ilifunguka. Noughts & Crosses ilishinda Children's Book Award mwaka 2002, ambayo kura zake hupigwa na watoto wenyewe. Royal Shakespeare Company waliiweka jukwaani mwaka 2007. Mwaka 2008 Malkia alimpa nishani ya OBE. Mfululizo ukaendelea, kitabu baada ya kitabu, hadi Endgame mwaka 2021. BBC walitoa tamthilia yake mwaka 2020, waliyoipigia picha Afrika Kusini, na Stormzy akacheza humo. Kabla ya hapo Stormzy alikuwa ameshamtaja Blackman kwenye wimbo wake Superheroes. Huyu ni msanii aliyekua akivisoma vitabu vyake. Na mwaka 2018 Blackman alishiriki kuandika "Rosa", ile sehemu ya Doctor Who inayomhusu Rosa Parks.

Mwaka 2013 aliteuliwa kuwa Children's Laureate, yaani balozi wa vitabu vya watoto wa nchi nzima. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Katika ubalozi wake, mwaka 2014, alitoa hoja ya kawaida sana: vitabu vya watoto viwe na watoto wa kila aina. Kituo kimoja cha habari kikaweka kichwa cha habari kilichomlisha maneno ambayo hakuyasema, kama vile analalamika kwamba nyuso nyeupe zimezidi. Matusi ya kibaguzi yakamfuata mtandaoni kwa wingi. Kituo kilibadilisha kichwa hicho na kuomba radhi, ila matusi yalikuwa yameshafika. Alijitoa mtandaoni kwa muda, kisha akarudi kazini na hoja ileile.

Mwaka 2022 alipewa PEN Pinter Prize, mwandishi wa kwanza wa watoto na vijana kuipata. Mshindi wa tuzo hiyo huchagua mwandishi mwingine wa kugawana naye heshima, mtu aliyeteseka kwa kusema. Blackman alimchagua Abduljalil al-Singace, msomi na mwanablogu wa Bahrain aliyekuwa gerezani. Wasomaji wetu wa Ghuba wanaelewa uzito wa jina hilo kutajwa ukumbini London. Mwaka huohuo kikatoka kitabu cha maisha yake, Just Sayin'. Alikuwa na miaka 60, mara mbili ya ile aliyoahidiwa na daktari.

Uanzie wapi?

Kama una mdogo wako wa miaka minane hadi kumi, mpe Cloud Busting. Kimeandikwa chote kwa mashairi, kinahusu kijana na rafiki aliyemsaliti, na kinasomeka kwa siku moja. Wa miaka 11 au 12 mpe Hacker au Pig-Heart Boy. Cha nguruwe mkisome pamoja, maana maswali yatakuja na utahitajika. Kuanzia 13 kwenda juu ni Noughts & Crosses, ila mwonye kwamba kina vifo na ukatili, na kwamba asikisomee ndani ya basi kurasa za mwisho. Ukiwa mtu mzima na unaandika kitu chako kimyakimya, anza na Just Sayin', usome kuhusu zile barua.

Kwenye kipindi cha wiki hii tumebishana sana kuhusu swali moja, na tunataka sauti zenu: ukiandika hadithi ya mtoto wa Kiswahili anayekulia Leicester, Columbus au Muscat, ni lazima iwe hadithi ya kuhama na kubaguliwa? Au anaweza tu kuwa mtoto aliyegundua kwamba jirani yake si binadamu? Tutumieni ujumbe wa sauti, dakika moja inatosha. Kiswahili cha kubabaisha kinaruhusiwa, hata mimi natumia.